Nyuso Tatu za Dirisha la Vifo

Fundi wa umeme aliyekuja kufunga kile kisanduku aliuliza mara mbili kama hakukosea dirisha.

"Hapa ndipo panapoandikishwa marehemu, sivyo, dada?"

"Ndipo hapa," karani akajibu. "Kila dirisha limepata chake."

"Haya. Mimi nafunga tu, msije mkanilaumu."

Kilikuwa kisanduku kidogo cheupe chenye nyuso tatu. Uso wa kijani unacheka, wa njano umetulia tu, mwekundu umekunja midomo kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mwananchi akishahudumiwa, karani anabonyeza kitufe cha upande wake, nyuso zinawaka, na mwananchi anachagua mmoja. Kisanduku hakikubali kubonyezwa kabla ya hapo. Hesabu, kijani ikiongeza na nyekundu ikipunguza, inakwenda yenyewe hadi kwenye ubao wa taa uliotundikwa juu ya mlango, ambapo madirisha yote ya ukumbi yamepangwa, bora juu, dhaifu chini, na kila anayeingia anasoma.

Asubuhi ile, kabla milango haijafunguliwa, Mkuu wa ofisi aliwakusanya makarani katikati ya ukumbi. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja nzuri na ndoto ya kupandishwa cheo.

"Ndugu zangu, serikali imechoka kulipa watu kwa kukaa," alisema. "Kuanzia leo tunalipa kwa matokeo. Dirisha litakalochekewa zaidi, karani wake atapata motisha nene juu ya mshahara. Mwisho wa robo ya mwaka, dirisha litakaloshika mkia, karani wake atahamishiwa kituo cha kumbukumbu akajifunze upya."

Kituo cha kumbukumbu kilikuwa ghala la makaratasi kwenye mji mdogo ambao basi linaondoka alfajiri na kufika jua likizama. Makarani walitazamana, kisha wote wakamtazama wa dirisha la vifo. Akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo.

Jamani, nani anatoka dirisha la vifo akicheka?

Pale ukumbini kulikuwa na dirisha la vizazi, la ndoa, la talaka, na hilo lake. Kwenye la vizazi alikaa mwanamke waliyemwita Bashasha, jina alilopewa kwa kejeli maana hana hata chembe ya hiyo bashasha. Anatafuna ubani, anafokea wazazi, anakosea majina na hataki kusahihishwa. Lakini mzazi anaondoka amekumbatia mtoto mwenye cheti, ana raha zake, anabonyeza kijani huku akimwonyesha mtoto taa. Hata waliokuja kuandikisha talaka walibonyeza kijani, wengine kwa ngumi.

Karani wa vifo yeye alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mtu akifika anamwambia, "Pole sana. Nani aliyetutoka?" Kisha anangoja. Hata foleni iwe ndefu vipi, anangoja. Ana chupa ya maji aliyoileta mwenyewe na bilauri safi. Neno baya analisema waziwazi, "amefariki," halifichi wala halizungushi, kwa sababu amegundua kwamba watu wanakuja pale wakiwa wamezungushwa na kila mtu, na wanahitaji mahali pamoja ambapo neno limesimama. Wanalia, wanakunywa maji, wanamshukuru kwa mikono miwili, wanabonyeza uso mwekundu, wanaondoka.

Siku moja alishindwa kuvumilia, akamwita mama mmoja aliyekuwa amemwandikisha dada yake. "Samahani, mama. Nimekukosea wapi?"

"Wewe? Hujanikosea kitu, mwanangu. Mungu akubariki."

"Mbona umebonyeza nyekundu?"

Yule mama akageuka kukitazama kisanduku kwa mshangao. "Si kimeuliza hali yangu? Nimebonyeza huu unaofanana na mimi."

Karani alimpelekea Mkuu habari hiyo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha na kiti, kisha akasema, "Nakuelewa kabisa. Lakini ubao hauelewi, unaona? Jitahidi wacheke."

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani alikaa mumewe, fundi viatu, amezungukwa na viatu vya watu kiasi kwamba ukipita haraka ungedhani kuna mkutano na wenyewe wameyeyuka wakaacha viatu tu. Mkewe alikuwa akimwita fundi, naye alimwita mkewe Serikali.

"Serikali imerudi!" alisema jioni hiyo. "Mbona imenuna?"

"Niache, fundi. Nimepita dukani kuomba sabuni ya mkopo. Yule bwana ananijibu mbele za watu, 'Nasikia siku hizi mnalipwa kwa kuchekewa. Nenda kachekewe kwanza, halafu uje.' Watu wakacheka. Kicheko kile kingekuwa ofisini ningepata motisha."

Fundi alitaka kucheka, akaona macho ya mkewe, akaacha. Ndipo karani akamweleza habari yote, ubao, mkia, na kituo cha kumbukumbu. Alieleza kwa sauti ya chini kwa sababu ndani, kitini karibu na dirisha, alikuwa amekaa mama mkwe wake.

Bibi huyu alikuwa anamngoja mumewe. Mzee alikuwa amepelekwa mji mwingine kutibiwa, akafariki hukohuko, akazikwa hukohuko, na fundi ndiye aliyekwenda kumuuguza mwishoni na kumzika. Aliporudi, mama yake akamuuliza, "Umemwacha hajambo?" Fundi, kwa uchovu na kwa woga, akajibu, "Anapumzika, Mama." Neno hilo ndilo lililojenga nyumba nzima. Tangu hapo Bibi anangoja mtu aliyepumzika, ili mumewe akirudi amkute. Kila alasiri jua likiingia dirishani na vumbi kuanza kuelea mle ndani polepole, anajipaka mafuta, anavaa kanga safi, anakaa. Ana furaha. Ukimtazama hutajua kama amelala au yuko macho, anatabasamu tu na nuru imemfunika mpaka magotini. Karani mwenyewe, akirudi kazini amechoka na vilio vya watu, alipenda kukaa sakafuni karibu na kiti kile, na kuna siku aliamini kabisa kwamba mlango utafunguka na mzee ataingia na mfuko wake.

"Mwanangu, barabarani hukumwona?" Bibi angeuliza.

"Bado, Mama. Atakuja."

Sasa fundi alishika kiatu bila kukishona. "Mama hatoki hapa. Ile siku tulipotaka kuhama nyumba alijifungia. Anasema mzee akija asitukute ataenda kwa nani."

"Najua."

"Kwa hiyo wewe ukahamishwa, utakwenda peke yako. Na mimi nibaki naye."

"Najua, fundi. Ndiyo maana nimenuna."

Walikuwa hawajawahi kulala mbalimbali tangu waoane, ukiacha ile safari ya mazishi. Fundi akageuza kiatu upande huu na upande ule. "Serikali haihami," alisema mwishowe. "Niachie mimi."

Hakusema atafanya nini. Mtu mwerevu angemuuliza, lakini karani alikuwa amechoka.

*

Wiki iliyofuata dirisha la vifo lilianza kupata wageni wa ajabu. Walikuja na nyuso kavu, wakajiegemeza kwenye kioo, na karani alipowaambia pole wakashtuka.

"Eti, dada, mtu akitaka cheti cha kifo anahitaji nini?"

Karani akaeleza kinachohitajika. Mtu akaitikia kwa kichwa bila kusikiliza, akakisubiri kisanduku kiwake, akabonyeza kijani, akaondoka. Akaja wa pili. "Eti, dada, mtu akitaka cheti cha kifo anahitaji nini?" Maneno yaleyale, hata ile "eti" ilikuwa na mvuto uleule. Alipofika wa tatu akasahau katikati, akabaki anakuna kichwa, "Eti, dada, mtu akitaka... akitaka kufa anahitaji nini?" Dirisha la talaka zima likaangua kicheko.

Ubao juu ya mlango ukaanza kusogea. Dirisha la vifo likapanda, likalingana na la talaka, likalipita. Mkuu alishuka ngazi mwenyewe kuja kumpa mkono. "Umeona? Nilikwambia ujitahidi!" Bashasha akanyoosha shingo kutoka dirishani kwake. "Mwenzetu sasa anafufua watu, nini?"

Karani naye, niseme kweli, alifurahi. Alijiambia pengine watu wamebadilika. Alasiri ile jua liliingia kwa madirisha ya juu, ukumbi ukajaa mwanga wa dhahabu, na sauti ya kuita namba ikawa inatoka mbali, na watu walionekana wanaelea kwenda na kurudi. Katika hali hiyo ya nusu usingizi macho yake yalitua sakafuni, kwenye miguu ya waliokuwa wakingoja. Akaona viatu vimeshonwa upya kwa uzi wa buluu. Akatazama benchi la nyuma, uzi wa buluu. Hadi mlangoni, uzi wa buluu.

Uzi mweusi ulikuwa umekwisha nyumbani, na hela ya kununua mwingine haikuwepo. Wa buluu ulikuwa wake yeye, wa kushonea mashuka.

Usingizi ukamtoka wote. Na ndipo alipomwona, nyuma kabisa ya wale wenye viatu vya uzi wa buluu, mwanamume mmoja aliyesimama na shati lililofungwa vifungo vibaya. Alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi.

"Wewe, kaka, njoo huku mbele," karani akamwita.

"Namba yangu bado, dada. Nimewakuta hawa."

"Njoo. Pole sana. Nani aliyetutoka?"

"Mke wangu," yule mtu alisema. "Wananingoja nipeleke kibali wakamtoe hospitali. Nimeona foleni ndefu, nikajua leo sote tumefiwa, si vizuri kuwapita wenzangu."

Karani aliandika haraka. Aibu ilimshika hata akashindwa kumtazama. Mtu yule alibonyeza nyekundu, akainama kumshukuru, akatoka karibu anakimbia.

*

"Unashona viatu vya mji mzima bure!" alimwambia mumewe jioni. "Gundi unanunua na nini? Na mtu kasimama kutwa nzima na maiti ya mkewe hospitali, kwa sababu ya watu wako!"

Fundi alikuwa na kiatu mdomoni, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Akakitoa. "Sikujua hilo la maiti," alisema. "Wallahi sikujua."

"Sasa unajua."

"Basi nimeacha. Kuanzia kesho hawaji." Akakiweka kiatu chini. "Lakini nilitaka ubaki. Mwenzako sijui kulala peke yangu, nitafanyaje?"

Hapo hasira zikamwishia mkewe. Akakaa chini kati ya viatu, akajifunika uso na kanga, akalia kidogo, naye fundi akamwekea mkono mgongoni, mkono unaonuka gundi. Ndani Bibi alikuwa anaimba wimbo usio na maneno.

Viatu vya uzi wa buluu havikuonekana tena ukumbini. Siku zilipita, wafiwa wakarudi kuwa wafiwa, na dirisha la vifo likaanza kuteremka ubaoni. Kufikia siku ya mwisho ya robo ya mwaka, dirisha la vifo lilikuwa juu ya la talaka kwa unywele tu. Karani wa talaka, mzee mmoja mwenye usingizi ambaye hakuwahi kumjali mtu, sasa alikuwa anaaga wateja wake kwa mikono miwili. Kila mtu ukumbini alijua kwamba uso mmoja tu utaamua.

Saa ya kufunga ilipokaribia, mlinzi alikwishavuta nusu ya mlango. Foleni ilikuwa imekwisha. Karani alianza kupumua. Ndipo akamwona mumewe akiingia, kofia mkononi, amemshika mama yake.

Bibi alikuwa amevaa kanga yake safi na viatu vilivyong'arishwa vikang'aa. Alitembea katikati ya ule mwanga wa jioni bila haraka, anatazama dari, anatazama taa, anamwitikia kila mtu hata ambaye hakumsalimu. Fundi alimkaribia mkewe dirishani, akanong'ona kwa haraka.

"Huyu siye wa uongo, Serikali. Baba hajawahi kuandikishwa hata siku moja, Mama ana haki ya kuja. Nimemwambia tunakuja kuulizia safari ya mzee. Wewe mwambie kama unavyomwambia nyumbani. Atafurahi. Atabonyeza ule unaocheka. Basi, tumemaliza."

Kabla hajajibiwa, Bibi alikwishafika. Alikaa kitini, akaweka mikono juu ya ubao wa dirisha, akachungulia kioo. Sijui kama alimtambua mkwe wake. Alimwamkia kama anavyomwamkia mtumishi wa serikali, kwa heshima zote.

"Hujambo, mama. Nimeambiwa ninyi mnaandika habari za watu."

"Tunaandika, Mama."

"Namuulizia mume wangu. Alisafiri kutibiwa. Yuko kwenye vitabu vyenu?"

Karani alifungua kinywa. Neno lilikuwa tayari ulimini, "bado," lile alilolisema kila jioni, jepesi, lisilogharimu kitu. Juu ya mlango ubao uliwaka. Mkuu alikuwa ameshuka na kusimama karibu na ngazi. Fundi alikuwa anaifinya kofia yake na kumtazama kwa macho ya kuomba.

Lakini alikuwa upande huu wa kioo. Upande huu, kwa miaka yote, hajawahi kumwambia mtu "bado." Alimwona Bibi amekaa kwenye kiti walichokaa wajane wote, na mikono vilevile juu ya ubao uleule wa dirisha, na akajua kwamba akidanganya hapa, hapatakuwa tena na mahali popote duniani pa kumwambia.

Akamimina maji kwenye bilauri, akaisogeza chini ya kioo.

"Pole sana, Mama," alisema. "Mzee amefariki."

Fundi aligeukia ukutani.

Bibi hakulia. Alibaki anamtazama, na ile nuru iliyokuwa usoni mwake haikuzimika mara moja, ilichukua muda. "Amefariki," alisema kwa sauti ya kujaribu. Kisha: "Aliumia?"

"Hakuumia. Alikuwa amelala."

"Alikuwa amevaa soksi? Mzee hawezi kulala miguu ikiwa baridi."

Hilo karani hakujua. Hakuwepo. "Fundi!" aliita. "Baba alikuwa amevaa soksi?"

Fundi alirudi dirishani, machozi yanamtiririka mbele ya ofisi nzima, hajali. "Alikuwa amevaa, Mama. Mimi ndiye niliyemvisha. Zile nene."

"Za kijivu."

"Ndiyo, za kijivu."

"Vizuri," Bibi akasema. Akanywa maji, yote. Karani aliuliza jina la mzee ingawa analijua, akauliza mwaka, akaandika polepole kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, na hakuna aliyemharakisha, hata mlinzi. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha upande wake kwa mazoea, na nyuso tatu zikawaka.

"Hiki nini?"

"Unachagua uso, Mama," fundi alisema. "Chagua unaoutaka."

Bibi aliuinamia uso wa kijani kwa muda mrefu. "Huyu anacheka nini?" aliuliza, si kwa hasira. Kisha akaweka kidole juu ya ule mwekundu, na hakukiondoa haraka, kana kwamba anampapasa mtu shavu.

Juu ya mlango ubao ukapepesa, ukapangika upya.

*

Barua ya uhamisho ilikuja kwa heshima, na Mkuu aliileta mwenyewe, akasema ni ubao tu, si yeye. Motisha alipata Bashasha. Alipita dirisha la vifo akiwa ametoa ubani mdomoni, akasema, "Dada, siku yangu ikifika, ningetamani uwe hapa wewe," akaenda zake.

Nyumbani, Bibi alilia siku kadhaa, kilio cha kweli, cha sauti, majirani wakaja. Karani alikaa naye sakafuni. Fundi alifanya kazi kibarazani bila mzaha hata mmoja, mara kwa mara akisema, "Nimekuponza, Serikali, mimi ndiye niliyemleta," na mkewe akimjibu, "Nyamaza, ushone." Walikuwa wameanza kugawana vitu kimyakimya, sufuria hii ya kwako, blanketi hili la kwangu, na kila kitu kilichogawanywa kilionekana kidogo zaidi.

Asubuhi moja Bibi alitoka kibarazani, macho yamevimba, kanga ya jana mwilini. Alisimama akayatazama yale mafungu mawili ya vyombo.

"Huko unakopelekwa, mwanangu, na kule alikozikwa mzee, ni mbali?"

Karani alimtazama mumewe. Fundi alifikiri, akahesabu vituo vya basi kwa vidole. "Si mbali sana, Mama," akasema. "Ni karibu kuliko hapa."

Bibi aliinama, akachukua sufuria kutoka fungu la fundi, akaiweka kwenye fungu la mkewe.

"Sasa tunangoja nini?"